Shela Lililopaswa Kuanguka

Hii ni habari ya mishono mitano ambayo hakuna aliyenituma kuishona.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwaka wangu wa pili Dubai, fundi wa kurekebisha nguo katika chumba cha sare cha hoteli moja. Chumba kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, kina cherehani tatu, pasi mbili za mvuke, na sare za wahudumu zimetundikwa kwa namba kutoka ukuta hadi ukuta. Sikusomea ushonaji. Nilijifunza nyumbani Tanga kwa cherehani ya shangazi na simu ya kuazima, nikitazama video mpaka bando liishe, kisha nikifumua magauni ya mtumba nione yalivyoshonwa kwa ndani. Kwa kuwa sikuwa na cheti, niliishi na hofu kwamba iko siku mtu atageuza pindo langu, atazame upande wa pili, aseme: huyu si fundi. Basi kila kitu nilikikagua mara tatu. Kifungo nilichokishona asubuhi nilikivuta, nikakivuta tena, na jioni ndani ya basi la kurudi International City, ambako nilipanga kitanda katika chumba cha wanawake sita, nilikuwa bado nakivuta kichwani.

Cherehani ya pili ilikuwa ya mama mmoja Mfilipino wa makamo. Tulimwita Ate, ambayo kwa lugha yao ni dada mkubwa. Yeye aliniita bunso, kitindamimba. Tulizungumza Kiingereza chetu cha kazini, cha kuokotaokota, kilichojaa Kiarabu cha yalla, twende, na khalas, basi.

"Bunso, pumua," angeniambia akiniona nimeinamia kola. "Hilo ni shati, si moyo wa mgonjwa."

Au: "Unashona kama mtu anayefukuzwa na polisi. Nani anakufukuza?"

Aliyenifukuza alikuwa mimi.

Siku moja, Wakristo wakiwa katika mfungo wao wa kabla ya Pasaka, nilimwona Ate akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Alilamba ncha, akakosa. Akalamba tena, akakosa. Mara ya nne aliweka sindano mezani, akavua miwani. Nilimtungia. Akaniambia nisogeze kiti.

Kwao, alisema, Pasaka haianzi kanisani. Huanzia barabarani, kabla jua halijachomoza. Maandamano mawili hutoka pande mbili. Wanaume wanabeba sanamu ya Yesu aliyefufuka, wanawake wanasindikiza sanamu ya Mama yake, ambaye bado hajapata habari, bado yuko msibani, amefunikwa shela jeusi kutoka kichwani hadi miguuni. Maandamano hukutana chini ya tao la maua. Hapo mtoto wa kike aliyevaa mbawa za malaika hulivuta lile shela, na Mama humwona mwanawe yu hai. Salubong, waliita: kulakiana. Hapa Dubai walifanya hivyo hivyo, ila ndani ya ua wa kanisa, na barabara yao ilikuwa sehemu ya kuegesha magari.

Ate ndiye aliyekuwa akimvika Mama. Ilikuwa nadhiri. Mwanawe alizaliwa dhaifu, madaktari wakamwambia asitarajie mengi, naye akaahidi kwamba mtoto akipona, atamvika Mama Pasaka tisa mfululizo. Mtoto akapona. Pasaka ya kwanza alimvika kijijini kwao, mtoto akiwa mgongoni. Kabla ya ya pili alikuwa ameshakuja Dubai, na zote zilizofuata alizifanyia hapa, mtoto akikua ndani ya simu.

"Nane zimepita," alisema. "Hii ya tisa. Ikiisha, narudi. Tiketi ya Juni nimeshakata."

Akanyanyua miwani, akaitazama kama kitu kilichomsaliti.

"Lakini macho yangu yameishia kwenye vifungo vya watu. Shela la zamani limetoboka. Jipya utashona wewe."

"Ate, mimi Mwislamu."

"Najua. Kila siku saa saba si mimi ninayekulindia mlango ukisali? Sikuombi umwabudu mtu. Nakuomba ushone."

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Bibi Mariamu si mgeni kwetu. Shangazi alipokuwa mjamzito, mama alimsomea sura ya Mariamu katika Kurani kila Alhamisi. Kilichonitisha ni sanamu. Niliposema na mama kwenye simu nilimwambia tu kwamba nina kazi ya kushona shela. "La harusi ya nani?" akauliza. Nikamjibu, "Si la harusi. La mama mmoja aliyefiwa na mwanawe." Akasema, "Maskini, mshonee vizuri." Sikueleza zaidi, na mpaka leo sijaeleza. Nilijipa ruhusa kwa maneno ya mtu ambaye hakujua anaruhusu nini.

Tulikwenda mtaa wa Satwa kununua kitambaa cha shifoni, nyeusi isiyong'aa, nyepesi kiasi kwamba muuzaji alipoikunjua ilichelewa kutua mezani. Pindo nilikunja kwa mkono, mshono mdogo kama chawa, nikafumua upande mmoja mara mbili. Ate alinipa masharti ya kulifunga. Shela lishikwe na pini mbili tu juu ya kichwa, na kwenye pini vipitishwe vitanzi viwili vya uzi. Mbele kuna utepe mweupe. Malaika akiuvuta, vitanzi vinateleza, shela linaondoka.

"Mara moja," alisema, na kunyoosha kidole kimoja. "Likivutwa mara moja, liondoke mara moja."

"Na lisipoondoka?"

Aliacha kutabasamu. Alipokuwa mdogo, mwaka mmoja shela lilinasa kwenye taji. Miezi michache baadaye dhoruba ilichukua paa la shule. Watu wa kijiji chao wakashikilia hivyo: shela likigoma, mwaka umeharibika, na aliyelifunga hasahauliki. "Padri alisema ni imani za wazee," Ate alisema. "Lakini mwaka uliofuata, nakwambia, hata padri alikuwa anatazama juu bila kupepesa."

Tulifanya majaribio kwenye sanamu ya kuvalishia nguo iliyokuwa katika chumba cha sare. Nilivuta utepe mara arobaini. Mara zote arobaini shela liliteleza kama maji. Ate alipiga makofi. Mimi nilirudi kitandani kwangu na wasiwasi mpya: lilikuwa linatoka kwa wepesi mno.

Nieleze hapa, maana bila haya nitaonekana mwendawazimu. Nilikuwa na miaka tisa kwenye zafa, yale maandamano ya Maulidi, madrasa yetu imepangwa mistari, bendera mbele, matari nyuma, sisi wasichana katikati na nguo nyeupe. Tulipokata kona, upepo ulinivua ushungi wote. Ulianguka chini, aliye nyuma yangu akaukanyaga, nikatembea hatua kama ishirini kichwa wazi kabla sijaweza kurudi kuuokota. Hakuna aliyenigombeza. Shangazi usiku ule alinikalisha tu, akanifundisha pini tatu za kificho: moja chini ya kidevu, moja sikioni, moja kisogoni. "Ushungi una kazi moja," alisema. "Kukaa." Tangu siku ile sijawahi kuvaa kitu kichwani ambacho upepo ungeweza kukitoa.

Jumapili ya Pasaka tulitoka saa tisa usiku kwa gari la rafiki yake Ate. Miaka ile wikiendi ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo wote tuliokuwa ndani ya gari tulikuwa tumevaa au tumebeba sare. Zamu ilianza saa mbili. Langoni kulikuwa na mlinzi Mganda. Aliutazama ushungi wangu, akautazama mfuko wangu, akanisemesha Kiswahili moja kwa moja.

"Wee dada, leo umepotea? Msikiti ni ule pale."

"Sijapotea, kaka. Nimeleta nguo ya Bibi Mariamu."

Alicheka mpaka akashika lango. "Haya, pita. Dubai imenionyesha mengi, hii sijaona."

Nilitarajia kikundi cha watu. Nilikuta ua umejaa. Walikuwa wanawake wa kazi za majumbani walioomba ruhusa kwa madamu zao, vijana wa jikoni, manesi, wauza duka, wote wakiwa na mishumaa ndani ya vikombe vya karatasi. Wanawake wote walijifunika vitambaa vyeusi. Tao lilikuwa la mabomba ya plastiki na maua ya bandia, na malaika angesimama juu ya ngazi ya alumini iliyovikwa shuka. Mama mwenyewe alikuwa juu ya toroli la kupelekea vyakula kwenye karamu, kimo chake kama mtoto wa darasa la pili. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Nikalitia mafuta ya cherehani niliyokuwa nayo mfukoni.

Halafu nikamtazama. Sikuwa nimemwona kabla. Uso ulikuwa wa mbao iliyopakwa rangi, na rangi kwenye shavu moja imekwaruzika. Macho yameelekea chini kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, sikuogopa. Nilimwona mwanamke aliyekaa msibani siku ya tatu, ambaye watu wamechoka kumpa pole. Wanawake kama huyo nimewaona Tanga, wamekaa mkekani. Tulimvika mimi na Ate, yeye pini, mimi vitanzi. "Tisa," alinong'ona.

Adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. Mwalimu wao akainua mkono, wakanyamaza wote mpaka ilipoisha. Nikaenda kusali nyuma ya ukumbi juu ya mtandio wangu wa akiba. Niliporudi, upepo ulikuwa umeanza.

Haukuwa mkubwa, ila ulinyanyua pindo la shela hadi magotini, ukaliacha, ukalinyanyua tena. Ate alikuwa amekwenda kugawa mishumaa. Nilibaki mimi na Mama. Nikayaona yote kabla hayajatokea: toroli likikata kona, shela likiruka na kutua kwenye lami, mtu akilikanyaga, na Ate ametembea miaka tisa kufika kwenye kona ile.

Mfukoni nilikuwa na sindano na uzi wa kushonea vifungo, ule wa nailoni usiokatika. Nilipitisha mkono chini ya shela, nikalishikiza kwenye lesi iliyokuwa kisogoni mwa Mama. Mshono mmoja. Ukaonekana peke yake dhaifu, nikaongeza wa pili. Nilipofika wa tano ndipo nikaweza kupumua. Nilijiambia kwamba kabla ya tao lazima wasimame kidogo kwa sala, nami nitaikata upesi na mkasi wangu mdogo uliokuwa shingoni kwenye utepe. Hakuna atakayejua.

Sikumuuliza mtu kama huwa wanasimama. Hawasimami.

Wanaume walishika upande wa kulia, wakaondoka na Yesu wao begani, wimbo wao ukipotea nyuma ya jengo. Sisi tulishika kushoto. Mbele hakukuwa na ngoma wala bendera. Zilisikika ndala kwenye lami, magurudumu ya toroli, na sauti za wanawake zikisoma sala ileile tena na tena mpaka maneno yakawa kama pumzi. Niliwatazama. Wengi walikuwa akina mama wenye watoto ng'ambo ya bahari, nilijua hivyo kwa picha zilizokuwa nyuma ya simu zao, ndani ya kava la plastiki. Walikuwa wanamsindikiza mwanamke anayekwenda kumwona mwanawe. Nilielewa ghafla kwa nini wameamka usiku wa manane, na kitu kikanipanda kifuani kama ninaposikia matari. Tulikata kona. Upepo ukapiga. Shela halikutikisika kisogoni hata kidogo, na mimi, nakiri, nilijisifu.

Kisha nikaliona tao, na watu wamejaa pande zote, na toroli haliendi taratibu bali linaharakishwa, kwa sababu wanaume nao walikuwa wanakuja kwa haraka upande wa pili. Nikajaribu kusogea nyuma ya Mama. Wanawake walikuwa wamebanana bega kwa bega. Niliposema "samahani" hakuna aliyenisikia. Walikuwa wameanza kuimba.

Malaika alikuwa msichana wa miaka saba hivi, binti wa wazazi walio miongoni mwa wachache walioweza kuishi na mtoto wao huku. Mbawa zake zilikuwa za manyoya meupe ya kweli. Aliimba peke yake mstari wa Kilatini, sauti nyembamba isiyotetemeka, akainama, akashika utepe, akavuta.

Vitanzi viliteleza vizuri kabisa. Mbele ya shela ilinyanyuka hadi kidevuni mwa Mama, ikakwama. Akavuta tena. Mama mzima akaegemea nyuma, kama mtu anayevutwa nywele. Umati ukavuta pumzi kwa pamoja. Mwalimu wa kwaya akarudisha wimbo mwanzo. Malaika akatazama chini kumtafuta mama yake, mdomo umeanza kupinda.

Ate alikuwa kando ya toroli. Alishika ukingo wa toroli kwa mikono miwili, na uso wake sijui niufananishe na nini. Aligeuka, akanitafuta, akaniona.

Nilisukuma watu. Nilimkanyaga mtu, sijui nani. Nikapanda nyuma ya toroli na viatu vyangu vya kazini, nikaingiza mikono chini ya shela. Wa kwanza nilikata, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano sikuuona. Nilikuwa nimeuficha vizuri kiasi kwamba mimi niliyeushona sikuuona. Kwaya ilirudia mstari. Nilihisi mkono wa Ate umenishika kifundo cha mguu, nisianguke. Nikafumba macho, nikapapasa lesi kwa ncha ya kidole, polepole, kama ninavyotafuta fundo ndani ya nguo ya mtumba, nikaupata. Nikakata. Nikainama nyuma ya mgongo wa Mama.

"Sasa," nilisema, kwa Kiswahili, kama vile malaika angenielewa.

Alivuta. Shela lilipita juu ya kichwa changu. Lilipanda juu lote, mita tatu za shifoni nyeusi, upepo ule niliouogopa ukalipokea, likafunguka juu ya tao na kukaa pale, kwenye anga iliyoanza kuwa ya kijivu, halitui. Kengele zikalia kwenye spika. Maua yaliyokatwakatwa yakamwagika. Na wanawake wote, kwa wakati mmoja, wakavua vitambaa vyao vyeusi. Nilikuwa nimechuchumaa juu ya toroli na niliona vichwa vile vyote vikifunuliwa mbele yangu, nywele nyeusi, nywele za mvi, nywele zilizolowa jasho, nyuso zikilia na kucheka. Niliyebaki na ushungi ni mimi peke yangu, na hakuna aliyeniona mgeni. Mbele yetu wanaume walimwinamisha Yesu wao mara tatu, kumwamkia mama yake. Nimeona zafa nyingi. Sijawahi kuona furaha ikifika kama kitu chenye uzito, ikiwaangukia watu wote kwa pamoja. Nilisahau kujikagua. Kwa dakika kadhaa, labda ndizo pekee za mwaka ule, sikuwa na hofu ya kitu chochote.

Kisha nikasikia mtu analia kwa namna tofauti. Malaika alikuwa nyuma ya ngazi, ubawa mmoja umelegea, mama yake amepiga magoti anambembeleza. Mtoto alikuwa anasema kwa Kiingereza cha shuleni kwamba ameharibu, amevuta vibaya, sasa watu wote watapata mkosi.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza kunyamaza; naandika hivyo kwa aibu. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake.

"Hukuvuta vibaya. Mimi nililishona. Mishono mitano, hapa nyuma. Hakuna aliyeniambia."

Aliacha kulia kwa mshangao. "Kwa nini?"

"Niliogopa litaanguka."

Alinitazama kama watoto wanavyomtazama mtu mzima asiyejua kitu cha wazi. "Lakini lazima lianguke," alisema. "Ndiyo maana mimi nipo."

Nilipoinuka, Ate alikuwa nyuma yangu. Shela lilikuwa mkononi mwake, amelikunja. Alikuwa amesikia yote.

"Ate," nilisema. "Nadhiri yako. Nimeiharibu?"

Alitafuta kwa vidole upande wa kisogoni, akapata vipande vya uzi wa nailoni, akavitoa kimoja kimoja na kuviweka kwenye kiganja changu. Vitano. Alivihesabu kwa mdomo bila sauti. Nikangoja.

"Niliahidi kumvika," alisema mwishowe. "Kumvua sikuahidi. Hiyo ni kazi ya malaika." Akakifunga kiganja changu. "Na kumvika, bunso, mwaka huu tumemvika kweli kweli." Hapo ndipo alipoanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ngazi, na mama wa malaika naye akaanza, na mimi nikaangua kilio ambacho kilimfanya malaika anipe kitambaa chake.

"Yalla," Ate alisema akifuta macho. "Saa mbili zamu. Na sare ya meneja haina kifungo."

Aliondoka mwezi wa Juni. Mwaka ule hakuna paa lililoezuliwa huko kwao. Nilimuuliza zaidi ya mara moja, akachoka kunijibu. Mwanawe, aliniambia, siku ya kwanza alimpa mkono kama mgeni, siku ya tatu akamgombeza kwa kuchelewa na chakula.

Pasaka iliyofuata wanawake wa kanisa walinipigia simu: nani mwingine analijua lile shela? Nikaenda. Mlinzi yule yule akanifungulia lango, akauliza kama Bibi Mariamu hajambo. Nilifunga pini mbili na vitanzi viwili. Upepo ulikuwepo, mkubwa kuliko wa mwaka wa kwanza, na pindo lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, nami nikasimama nyuma ya toroli na mikono nimeifumbata. Sindano niliiacha International City, makusudi.